Shimo la Kiamunyi: Tajriba ya Mhakiki Mbele ya Vitabu vya Akiolojia

Mwanafunzi yeyote aliyepita darasani mwangu anaijua kanuni moja nisiyoilegeza: nukuu haisimami peke yake. Anayenyofoa ubeti katika utenzi na kuujadili pasi na kutueleza umetanguliwa na nini, umefuatwa na nini, na umetoka katika nuskha ipi, huyo hajahakiki, ameokota tu. Kwa kosa hilo nimewapunguzia alama wanafunzi wa shahada ya kwanza na kuwarudishia tasnifu wale wa uzamili. Insha hii inamhusu mhakiki aliyeivunja kanuni hiyo, si kitabuni bali ardhini, na ikamchukua miaka sita na vitabu kadhaa kulitambua alilolitenda. Mhakiki huyo ni mimi.

Kiamunyi ni mtaa ulio magharibi ya mji wa Nakuru, kando ya barabara iendayo Eldama Ravine, chini ya mlima Menengai. Ukichimba hapo hupati udongo mmoja. Unapata tabaka juu ya tabaka za majivu ya volkeno, nyingine nyeupe na nyepesi, nyingine za kijivu, nyingine nyekundu. Mwaka 2015 nilianza kujenga huko. Nilikuwa na kiwanja kidogo, mkopo mkubwa, na haraka ya mtu aliyelipa kodi ya nyumba miaka mingi. Siku ya tatu ya kuchimba shimo la maji taka, fundi alinipigia simu.

"Mwalimu, njoo ujionee. Hapa palikaa watu."

Nilipofika, vibarua walikuwa wamepanga vitu juu ya gunia la simiti: vipande vya jiwe jeusi ling'aalo kama kioo, vigae vichache vya chungu vyenye mistari iliyochorwa kwa mkono, jiwe refu lililolainika ncha mfano wa mchi, na nusu ya bakuli lililochongwa katika jiwe la kijivu. Fundi aliuliza swali ambalo hadi leo nalisikia: "Tusimame au tuendelee?" Lori la kokoto lilikuwa limekwisha kuingia langoni. Kibarua wa siku hulipwa kwa siku. Nikasema, "Endeleeni." Siku mbili baadaye shimo lilikuwa limejengewa mawe na kufunikwa kwa zege. Vile vigae na vipande vyeusi vilichanganyika na kifusi. Bakuli nililichukua, nikaliweka juu ya meza yangu ya kusomea, likawa la kuzuia karatasi zisipeperuke.

Nisingependa msomaji adhani kwamba nilitenda hayo kwa kutojali mambo ya kale. La hasha. Tayari kwa zaidi ya miaka kumi nilikuwa nikifundisha *Al-Inkishafi* ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, utenzi ambao kiini chake ni magofu. Kila mwaka nilisimama mbele ya darasa nikaeleza jinsi mshairi anavyoyatembelea majumba ya Pate yaliyokufa, jinsi zidaka zilizopangwa vyombo vya kauri zilivyogeuka viota vya ndege, jinsi kumbi zilizojaa watu zilivyoachiwa popo na bundi. Nilieleza kwa ufasaha kwamba gofu ni istiari ya moyo unaoghurika na dunia. Yote hayo ni kweli. Lakini katika ufasaha wangu kulikuwa na upungufu: sikuwahi kumwambia mwanafunzi hata mmoja kwamba zidaka zile ni mashimo halisi katika kuta halisi za matumbawe, kwamba vyombo vile vilisafirishwa baharini kutoka China na Uajemi, na kwamba vipande vyake vimehesabiwa na kupigwa picha na watu waliopiga magoti vumbini miaka mingi. Gofu kwangu lilikuwa neno. Sikulidhania kuwa mahali.

Na kidogo nilichokijua kuhusu mahali hapo nilikuwa nimekipokea bila kukihoji. Nilipokuwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza nilikisoma kitabu cha James Kirkman, *Men and Monuments on the East African Coast*, kilichotoka mwaka 1964. Kirkman ndiye aliyeifukua Gedi kuanzia mwaka 1948, na kitabu chake cha kwanza kuhusu mji huo, cha mwaka 1954, kiliuita mji wa Waarabu katika anwani yenyewe. Katika kitabu cha 1964 alishikilia kwamba makumbusho ya mawe ya pwani yetu ni ya Waarabu na Waajemi waliostaarabika Kiarabu, ambao hata walipochanganya damu na Waafrika, utamaduni wao ulibaki mbali nao kabisa. Anaandika kwa uhakika na kwa lugha tamu. Nikamwamini. Insha yangu ya mwaka wa pili kuhusu usuli wa tenzi ilisimama juu ya msingi huo: miji ni ya kuja, kwa hiyo ushairi wake ni wa kuja. Nilipata alama nzuri.

Ilinibidi nisome vitabu vingine ndipo nibomoe nilichokuwa nimekijenga. Neville Chittick, katika majuzuu mawili juu ya Kilwa yaliyochapishwa mwaka 1974, bado aliitazama historia ya pwani zaidi kutoka upande wa bahari, lakini wingi wa ushahidi aliouweka wazi ulimpa msomaji uwezo wa kubishana naye. Derek Nurse na Thomas Spear, mwaka 1985, walikishika Kiswahili chenyewe, sauti zake na msamiati wake, wakakionyesha kuwa lugha ya Kibantu yenye ndugu zake hapahapa Afrika Mashariki, huku maneno mengi ya Kiarabu yakiwa yameingia baadaye. Kisha kikaja kitabu cha Mark Horton juu ya Shanga, katika kisiwa cha Pate, mwaka 1996. Hicho nilikisoma kwa wiki nne, nikiwa tayari mhadhiri, na ninakiri kwamba hakuna kitabu cha uhakiki kilichonifunza kusoma kama kile.

Kwa nini? Kwa sababu chini ya msikiti wa Ijumaa wa Shanga, Horton hakukuta msikiti mmoja. Alikuta misikiti, mmoja juu ya mwingine. Chini ya kuta za mawe kulikuwa na majengo ya awali, na chini kabisa alama za nguzo za miti za kijengo kidogo cha karne ya 8, ambacho hata mwelekeo wake haukuwa umelenga kibla sawasawa. Kila kizazi kilibomoa na kujenga upya palepale, kwa ukubwa zaidi, kwa zana walizokuwa nazo. Na vyungu vilivyowazunguka waumini wa kwanza vilikuwa kwa sehemu kubwa kabisa vya kufinyangwa hapahapa, vya namna moja na vile vya jirani zao wa bara. Nani kati yetu asomaye hayo asiikumbuke kazi ya kulinganisha nuskha? *Al-Inkishafi* tunayofundisha haikutufikia kwa mkono mmoja: kuna toleo la William Hichens la mwaka 1939, kuna la James de Vere Allen la mwaka 1977, na nyuma ya hayo kuna miswada ya hati ya Kiarabu yenye beti zinazotofautiana kwa idadi na mpangilio. Msikiti wa Shanga ni matini ya aina hiyo. Mtu akiuliza, "Ni nani aliyeujenga?" amekosea swali. Swali ni: palijengwa mara ngapi, na kila mara kilibadilika nini?

Haya hayajafika ukomo. Mwaka 2023 jarida la *Nature* lilichapisha utafiti wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa pwani na karibu nayo katika karne zilizopita, Chapurukha Kusimba akiwa miongoni mwa watafiti wakuu. Ilidhihirika kwamba wengi wa wakazi wa miji ile walikuwa na nasaba ya Kiafrika iliyotokana hasa na wanawake, iliyochanganyika tangu mnamo mwaka 1000 na nasaba ya Kiasia iliyoletwa hasa na wanaume, wengi wao wenye asili ya Uajemi. Basi masimulizi ya Washirazi katika Tarehe ya Kilwa, ambayo wasomi wa kizazi changu tulikwisha kuyafungia katika kabati la visasili, yakarejea mlangoni na kudai kiti. Hayakurejea kumtetea Kirkman, kwani lugha, vyungu na akina mama vinaelekea upande mwingine kabisa. Yalirejea kutukumbusha kwamba mzee anayesimulia nasaba yake si mwongo kwa kuwa tu hatukuwa na chombo cha kumpimia.

Hadi hapo, msomaji atatambua, macho yangu yalikuwa pwani. Hili nalo ni ugonjwa wa taaluma yetu. Tumefunzwa, pasi na yeyote kulisema wazi, kwamba kale yenye kusomeka iko Lamu, Mombasa na Kilwa, mahali Ibn Battuta alipotia nanga mwaka 1331. Bara kuna njia za misafara, kisha reli, kisha shule. Nilikaa Kiamunyi, bakuli la mawe mezani pangu, nikiandika makala kuhusu kauri za Pate.

Mwaka 2021, nikitafuta kitu kingine kabisa, nilikutana na ripoti ya Mary Leakey kuhusu uchimbaji wa Hyrax Hill, uliofanywa mwaka 1937 na 1938 na kuchapishwa Afrika Kusini mwaka 1945. Hyrax Hill, kilima cha pimbi, kiko upande wa pili wa mji wa Nakuru. Kilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1965, na watoto wa shule hupelekwa huko kuona, pamoja na mengine, vishimo vya bao vilivyochongwa mwambani. Nilifungua ripoti ile kwa udadisi wa jirani tu. Ilipofika kwenye picha za vyombo, nilinyanyua macho nikaliangalia bakuli langu, nikayarudisha kitabuni. Umbo ni lilelile. Siku hiyohiyo nilitafuta kitabu cha pili, *Excavations at the Njoro River Cave*, ambacho Mary na Louis Leakey walikichapisha Oxford mwaka 1950. Katika pango hilo lililo kando ya mto Njoro, walichimba mwaka 1938 wakakuta mabaki ya takriban watu 80 waliochomwa moto miaka kama 3000 iliyopita, na pamoja nao mabakuli ya mawe, michi, vinu, shanga za mawe ya rangi, hata kibuyu na chombo cha mti vilivyohifadhiwa na moto uleule uliowaunguza wafu. Na katika makaburi ya kale ya Hyrax Hill, vyombo vya mawe viliwekwa pamoja na wanawake. Wanaume walizikwa bila chochote.

Nilifunga kitabu. Kwa miaka sita mapitio yangu ya tasnifu, orodha zangu za alama na bili za umeme zilikuwa zimelaliwa na kitu ambacho huenda mwanamke fulani alipewa aende nacho kaburini. Nasema huenda. Neno hilo dogo ndilo adhabu yangu. Kwani bakuli kama hilo lingeweza vilevile kuwa la nyumbani, lililovunjika likatupwa jaani. Nani angeweza kutofautisha? Yule ambaye angeona lilikuwa limelala vipi, katika tabaka gani la majivu, upande upi wa ule mchi, na kama chini yake kulikuwa na mkaa au mfupa. Sikuona. Nilikuwa nikilitazama lori.

Nikiutafuta ukweli wote, sikuongozwa na lori peke yake. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 inamtaka mtu anayegundua kitu cha kale atoe taarifa, nami nilikuwa na fununu ya hilo. Lakini tuliokuwapo Nakuru mwanzoni mwa mwaka 2008 tunajua kwamba swali la "nani alitangulia hapa?" katika mji huu si la mtihani. Watu waliuawa na wengine wakafukuzwa makwao kwa sababu ya majibu yaliyotolewa kwa swali hilo. Niliogopa kwamba kitu cha kale katika kiwanja changu kingepewa kabila, na kabila hilo lisingekuwa langu. Hofu hiyo niliificha chini ya zege pamoja na vigae.

Vitabu ndivyo vilivyonitoa katika hofu hiyo, na hapa ndipo ninapotaka wenzangu wa fasihi wanisikilize. Chukua yale mabonde madogo ya mviringo yaliyoko Hyrax Hill na kwingi katika nyanda za juu za magharibi, yaitwayo mashimo ya Wasirikwa. Mary Leakey aliyasoma kama makazi ya watu: nyumba zilizochimbwa ardhini. Wengi walimfuata, na kutokana na usomaji huo ikazuka picha ya taifa la ajabu lililoishi mashimoni kisha likatoweka. John Sutton aliyachunguza mashimo hayo kwa upana na kuchapisha kitabu mwaka 1973, kisha akarejea Hyrax Hill yenyewe katika miaka ya 1980, akaandika katika jarida la *Azania* mwaka 1987. Alionyesha kwamba shimo halikuwa nyumba. Lilikuwa zizi. Nyumba ilijengwa ubavuni, mlango wake ukaelekea ndani ya zizi, na kilima kidogo kilicho nje ya lango, upande wa mteremko, ni samadi iliyofagiliwa mwaka baada ya mwaka. Wafugaji waliolaza ng'ombe wao mlangoni kwa kuhofia wezi si taifa la ajabu. Ni watu ambao mtu wa Bonde la Ufa anawaelewa bila mkalimani.

Ukurasa mmoja wa mjadala huo niliupeleka darasani la tafsiri, nikawataka wanafunzi wa uzamili waugeuze kwa Kiswahili. Neno "shimo" liliwashinda mapema. Mmoja wao, aliyelelewa katika familia ya wafugaji, alisikiliza maelezo ya lango, mteremko na lundo la samadi, akasema, "Daktari, tunaandika shimo la nini? Hilo ni boma." Darasa zima likacheka, kisha likanyamaza. Usomaji wa kwanza ulikuwa umeona tundu ardhini. Msamiati wa nyumbani kwa kijana huyu ulikuwa na ng'ombe ndani yake tangu mwanzo. Sisemi kwamba lugha ya mama inatosha kuwa mbinu ya utafiti. Sutton alihitaji mwiko, kamba na miaka. Nasema kwamba maarifa haya yanapobaki katika lugha moja ya kitaaluma, tunawapoteza wasomaji ambao huenda ndio waliobeba ufunguo.

Ama kuhusu nani alitangulia, vitabu havimpi mtu hati ya shamba. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa katika *Science* mwaka 2019, uliohusisha watu 41 wa kale kutoka Kenya na Tanzania, baadhi yao kutoka eneo hili letu la Nakuru, unaonyesha wafugaji wa kwanza wakitoka kaskazini, wakichanganyika njiani na wawindaji waliowakuta, kisha wengine wakaja juu yao kwa awamu. Kiamunyi ni kama Shanga: mara ngapi, si nani. Hakuna kabila lolote la leo linaloweza kulinyanyua bakuli la miaka 3000 na kusema, "Hili ni langu, ondokeni." Lau ningelijua hilo mwaka 2015, ningekuwa na sababu moja pungufu ya kunyamaza.

Nisivisifu vitabu hivi kupita kiasi. Mhakiki hawezi kuvisoma bila kusikia kauli yake ya kutendwa: udongo uliondolewa, fuvu lilifunuliwa, vigae vilioshwa. Na nani? Ripoti nyingi za zama za ukoloni zinamtaja mwenye shamba aliyetoa ruhusa na kumpita aliyeshika jembe. Ilichukua miongo mingi kwa mchimbaji kama Kamoya Kimeu, aliyegundua mabaki ya Mvulana wa Turkana mwaka 1984, kujulikana kwa jina lake. Lakini nani nimkosoe? Jina la fundi aliyeniambia "hapa palikaa watu" halimo katika insha hii kwa kuwa sikumwomba ruhusa ya kulitaja. Na hata hivyo, yeye ndiye msomaji wa kwanza wa kiwanja kile, na usomaji wake ulikuwa sahihi.

Mwaka 2023 nililifunga bakuli kwa kitambaa nikalipeleka Hyrax Hill. Aliyenipokea alilishika kwa mikono miwili. Hakunigombeza. Aliuliza tu, akiwa na kalamu mkononi: Lilitoka kina gani? Udongo wake ulikuwa wa rangi gani? Kulikuwa na nini kando yake? Je, palikuwa na mifupa? Kwa kila swali nilijibu kwamba sijui. Yalikuwa maswali yaleyale ninayoyaandika kwa wino mwekundu pambizoni mwa kazi za wanafunzi: umetoka wapi, umetanguliwa na nini, umefuatwa na nini. Alipomaliza, fomu ilikuwa na mistari mitupu mingi kuliko iliyojazwa.

Nilimchorea ramani ya kiwanja na kumwonyesha shimo lilipo, endapo siku moja litafunguliwa. Usiku huo karatasi zangu zilipepea mezani, nikafunga dirisha. Muhula uliofuata nilipofika kwenye zidaka za Pate, niliwagawia wanafunzi picha ya ukuta halisi wa matumbawe, pamoja na kurasa kumi za Horton, kabla ya kulitaja neno istiari.